Maswali na majibu: Sampuli iwe kubwa kiasi gani ndipo uwiano ufuate kengele?

Toleo hili tumelitengea jambo moja. Barua nyingi za karibuni zimeuliza, kila moja kwa njia yake, ni lini mtu anaruhusiwa kuuchukulia uwiano wa sampuli kana kwamba unafuata mgawanyo wa kawaida, yaani ule mchoro wa kengele. Katika majibu yote, n ni ukubwa wa sampuli, na p ni uwiano halisi katika kundi zima unalolichunguza; np ni n mara p, yaani idadi ya matukio unayoyategemea.

SWALI: Darasani tunaambiwa sampuli ikifika 30 mgawanyo wa kawaida unatumika. Nikija kwenye mazoezi ya uwiano, kitabu kimoja kinataka np iwe 5 au zaidi, kingine kinataka 10. Mimi nina sampuli ya 30, na jambo ninalolichunguza hutokea kwa asilimia 2 tu. Niko salama? – *Mwanafunzi wa takwimu, mwaka wa pili*

JIBU: Hauko salama, tena uko mbali na usalama.

Ile 30 ni ya wastani wa vipimo kama urefu, uzito au muda, na hata huko inategemea vipimo visiwe vimelemea sana upande mmoja. Uwiano nao ni wastani, ila ni wastani wa sifuri na moja tupu: tukio limetokea, andika 1, halikutokea, andika 0. Kwa p ya 0.02, katika kila namba mia unategemea sifuri 98 na moja 2. Ni vigumu kupata data iliyolemea upande mmoja kuliko hiyo.

Tukokotoe sampuli yako yenyewe. Kwa n = 30 na p = 0.02, uwezekano wa kutopata tukio hata moja ni 0.98 kwa kipeo cha 30, yaani 0.545. Kupata tukio moja ni 0.334, mawili ni 0.099, matatu au zaidi ni 0.022. Zichore baa hizo: iliyo ndefu kuliko zote imeegemea ukuta wa sifuri, zinazofuata zinashuka kama ngazi kuelekea kulia, na kushoto hakuna kitu. Sasa weka juu yake kengele yenye wastani 0.02 na kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi uwiano wa sampuli unavyotawanyika, la 0.0256 (kipeuo cha pili cha 0.02 × 0.98 ÷ 30). Karibu asilimia 22 ya kengele hiyo itaangukia chini ya sifuri, mahali ambapo uwiano hauwezi kufika kamwe. Hesabu yoyote utakayoijenga juu ya kengele hiyo itakuwa inagawa uwezekano kwa mambo yasiyoweza kutokea.

Lakini chukua 30 hiyo hiyo kwa jambo linalotokea nusu kwa nusu. Hapo unategemea matukio 15 na yasiyo matukio 15, baa zinapanda na kushuka pande zote mbili, na kengele inakaa vizuri tu. Sampuli haijaongezeka hata mtu mmoja. Kilichobadilika ni idadi ya matukio unayoyategemea upande ulio adimu, na hiyo ndiyo namba ya kuitazama. Ukiambiwa n peke yake, hujaambiwa kitu.

Kwa hiyo piga hesabu mbili, np na n(1−p), kisha chukua iliyo ndogo. Ukitaka ifike 10, sampuli unayoihitaji ni 10 gawanya kwa p, au kwa 1−p kama hiyo ndiyo ndogo. Kwa p ya 0.5 ni 20, kwa 0.2 ni 50, kwa 0.1 ni 100, kwa 0.05 ni 200; kwa 0.02, ambayo ni yako, ni 500, kwa 0.01 ni 1,000. Jambo linalotokea kwa asilimia 98 linadai sampuli sawa na la asilimia 2, kwa sababu ukuta wa 1 unabana kama unavyobana ukuta wa sifuri.

SWALI: Basi kati ya 5 na 10, nani mkweli? Na kwa nini vitabu havikubaliani juu ya jambo la hesabu? – *Mwalimu wa sekondari*

JIBU: Havikubaliani kwa sababu hakuna ukuta pale. Hakuna namba ambayo kabla yake kengele haifai na baada yake inafaa. Kosa linapungua polepole, na kila mwandishi amechagua mahali pa kusema "hapa panatosha".

Kinachoharibu kengele zaidi ni upogo, yaani mkia mmoja kuwa mrefu kuliko mwingine. Upogo wa uwiano wa sampuli una kanuni fupi: (1 − 2p) gawanya kwa kipeuo cha pili cha np(1−p). Kengele kamili ina upogo 0. p ikiwa 0.5, juu panakuwa sifuri, hivyo upogo haupo kabisa hata sampuli iwe ndogo. Ndiyo maana mifano ya kurusha sarafu huwadanganya wanafunzi wakadhani mambo ni rahisi hivyo siku zote. p ikiwa ndogo sana, kanuni inakaribia 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha np. Angalia kwamba n haionekani tena peke yake. Imebaki np, idadi ya matukio. Matukio 5 yanatoa upogo wa karibu 0.45, matukio 10 yanatoa 0.32, matukio 25 yanatoa 0.2, na ili ufike 0.1 unahitaji 100. Kila ukitaka kuupunguza upogo kwa nusu, unalipa matukio mara nne.

Kumi ina asili nyingine pia. Wapo wanaodai kwamba uwiano, ukiujumlishia na kuutolea makosa sanifu matatu, ubaki ndani ya 0 na 1. Ukilifanyia kazi sharti hilo kwa aljebra, unapata kwamba np lazima izidi 9(1−p). Kwa p ndogo hiyo ni karibu 9, na mtu akiikuza kidogo anaishia 10.

Wapo wakali zaidi. William Cochran, bingwa wa sampuli, alitoa jedwali linalodai n ya 30 kwa p ya 0.5, 50 kwa 0.4; 80 kwa 0.3; 200 kwa 0.2, 600 kwa 0.1, na 1,400 kwa 0.05. Linganisha na kanuni ya 10: kwa p ya 0.1 yeye anataka matukio 60, mara sita zaidi.

Mfano mmoja utakuonyesha kwa nini hakuwa anatia chumvi. Chukua n = 100 na p = 0.1. Matukio unayoyategemea ni 10, mkengeuko sanifu wa idadi ni 3, na kanuni ya 10 imetimia barabara. Sasa uliza: kuna uwezekano gani wa kupata matukio 5 au pungufu, na kuna uwezekano gani wa kupata 15 au zaidi? Kengele inaona pande hizo mbili ni sawa na inatoa 0.0668 kwa kila upande. Jibu kamili la mgawanyo wa bainomia, yaani hesabu ya baa kwa baa kama tuliyoifanya kwa sampuli ya 30, ni 0.0576 upande wa chini na 0.0726 upande wa juu. Ukijumlisha mikia yote miwili, kengele inasema 0.1336 na ukweli ni 0.1302. Kwa jumla kosa dogo, kwa sababu mkia mmoja umekopa kwa mwenzake. Lakini kazi yako ikihusu mkia mmoja tu, mathalani "kuna hatari gani matukio yazidi kiwango fulani", deni hilo halilipwi na mtu.

Kwa hiyo jibu letu kwa darasa ni hili: 5 itumike kwa makadirio ya haraka, 10 itumike kwa kazi za kawaida za pande mbili, na mkia mmoja ukiwa ndio hoja, acha kengele utumie bainomia yenyewe.

Kwa wanaopenda asili ya mambo: Abraham de Moivre ndiye aliyeionyesha kengele ikijitokeza kwenye bainomia mwaka 1733, na Laplace akaipanua baadaye. Berry mwaka 1941 na Esseen mwaka 1942 walitoa dhamana, yaani kikomo ambacho kosa la kengele haliwezi kukivuka. Kwa fomu inayotumika leo, kosa halizidi 0.4748 × (p² + (1−p)²) gawanya kwa kipeuo cha pili cha np(1−p). Ukiiweka kwenye mfano wetu wa 100 na 0.1 unapata 0.13, ilhali kosa halisi kubwa kabisa bila marekebisho ya nusu (tutayaeleza chini) ni kama 0.083. Dhamana ni ya kweli, ila kwa kazi za mezani ni pana mno.

SWALI: Tunakagua bidhaa 50 kila zamu. Juzi 2 zilikuwa na kasoro. Nilipotumia kanuni ya kawaida ya asilimia 95, nilipata kati ya −1.4% na 9.4%. Nikaifuta ile hasi, nikaandika "0 hadi 9.4%". Ripoti ilipita, lakini roho yangu haijatulia. – *Mkaguzi wa ubora*

JIBU: Roho yako ina haki. Kufuta ile hasi ni kupaka chokaa juu ya ufa. Kikomo hasi ni dalili. Ugonjwa wenyewe uko kwenye kikomo cha juu, ambacho hukukigusa.

Kanuni uliyoitumia, inayoitwa ya Wald, inachukua uwiano wa sampuli (0.04), inakokotoa kosa sanifu kwa uwiano huo huo, kisha inaongeza na kutoa kosa hilo mara 1.96, na kukupa masafa, yaani vikomo viwili unavyotegemea ukweli uwe kati yake. Ina matatizo mawili yanayosaidiana. La kwanza ni upogo tuliokwisha kuueleza. La pili ni baya zaidi: kosa sanifu linatokana na uwiano uleule uliokosea. Bahati ikikupa kasoro chache kuliko kawaida, uwiano unashuka na kosa sanifu nalo linashuka, hivyo masafa yanakuwa mafupi wakati huohuo ambapo yamehama mahali pake. Yanakosea huku yakijiamini.

Tuseme ukweli wa mtambo ni asilimia 10 za kasoro. Kwa bidhaa 50 unategemea kasoro 5. Fanya hesabu ya Wald kwa kila matokeo yanayowezekana na utaona kwamba masafa yanaifikia 0.10 pale tu kasoro zinapokuwa kati ya 3 na 10. Uwezekano wa kupata kati ya 3 na 10 ni 0.879. Ulidhani umeahidi asilimia 95, umetoa 88. Na makosa yenyewe hayakugawanyika sawa: asilimia 11.2 yanatokea kwa sababu kasoro zilikuwa 0, 1 au 2 na kikomo cha juu kikawa chini mno, na asilimia 0.9 tu yanatokea upande wa pili. Tazama kasoro zako 2. Kikomo chako cha juu, 9.4%, kingeukosa ukweli wa asilimia 10. Kwa mkaguzi, huko ndiko kukosea kunakouma: ripoti inasema mtambo ni mzuri kuliko ulivyo.

Tumia masafa ya Wilson, ya mwaka 1927. Yanahitaji kikokotoo cha kawaida tu. Hatua zake kwa kasoro 2 kati ya 50:

1. Mraba wa 1.96 ni 3.8416. Ugawanye kwa 2n, yaani 100, upate 0.0384. Jumlisha na uwiano: 0.04 + 0.0384 = 0.0784.
2. Chini ya kipeuo weka vitu viwili. Cha kwanza ni 0.04 × 0.96 ÷ 50 = 0.000768. Cha pili ni 3.8416 ÷ (4 × 50 × 50) = 0.000384. Jumla ni 0.001152, kipeuo chake 0.03394. Zidisha kwa 1.96 upate 0.0665.
3. Kigawanyo ni 1 + 3.8416 ÷ 50 = 1.0768.
4. Kikomo cha chini: (0.0784 − 0.0665) ÷ 1.0768 = 0.011. Kikomo cha juu: (0.0784 + 0.0665) ÷ 1.0768 = 0.135.

Andika 1.1% hadi 13.5%. Hayawezi kwenda hasi. Na kwa mtambo ule wa asilimia 10, masafa ya Wilson yanaufikia ukweli kwa uwezekano wa 0.970. Kosa linalofanyika mara nyingi katika hatua hizi ni kusahau hatua ya 3. Matokeo yanaonekana ya maana, kwa hiyo mtu hashtuki.

Ukiwa na haraka, kuna njia ya mkato iliyoenezwa na Agresti na Coull mwaka 1998: ongeza matukio 2 na yasiyo matukio 2, kisha tumia kanuni ya zamani. Zako zinakuwa 4 kati ya 54, uwiano 0.074, masafa 0.4% hadi 14.4%. Ni mapana kidogo kuliko ya Wilson, lakini yanafanyika nyuma ya bahasha.

Usidhani pia kwamba kuongeza sampuli hatua kwa hatua kunaiponya Wald bila matata. Kwa p ya 0.5, sampuli ya 20 inatoa ufikio (uwezekano wa masafa kuifikia p halisi) wa 0.959, na sampuli ya 40, mara mbili yake, inatoa 0.919. Sababu ni kwamba idadi ni namba kamili: katika sampuli ya 40, matukio 14 yanakosa kuifikia 0.5 kwa unywele (kikomo cha juu ni 0.498), na baa nzima ya 14 pamoja na pacha wake wa 26 inatoka nje kwa mkupuo. Hilo halina uhusiano na upogo, maana hapo upogo ni sifuri.

SWALI: Kanuni inasema np, lakini p ndiyo ninayoitafuta! Niweke nini? – *Msomaji*

JIBU: Inategemea unafanya nini. Ukijaribu nadharia tete, weka p inayodaiwa na nadharia tete sifuri (lile dai unalolipima kwa data), si ya sampuli, kwa sababu kengele unayoihitaji ni ya ulimwengu ambamo dai hilo ni kweli. Ukitafuta masafa, hesabu matukio uliyoyaona na yasiyo matukio, yote yawe 10 au zaidi. Hiyo ni sawa na kuweka uwiano wa sampuli mahali pa p. Ukipanga utafiti ambao haujaanza, chukua p iliyo ndogo kabisa kati ya zile unazoziona zinawezekana. Kuweka 0.5 "kwa usalama" hapa ni kosa, kama jibu linalofuata linavyoonyesha.

SWALI: Nimetumia kikokotoo cha mtandaoni: kiwango cha asilimia 95, kosa linaloruhusiwa asilimia 5. Kikasema 385. Msimamizi wangu anauliza kama 385 inatosha kwa mgawanyo wa kawaida. Si ndiyo maana yake? – *Mwanafunzi wa uzamili*

JIBU: Siyo, na watu wengi wanayachanganya haya mawili. 385 inajibu swali la upana: 1.96 mraba, mara 0.25, gawanya kwa 0.05 mraba, inatoka 384.16, unapandisha hadi 385. Imetumia p ya 0.5 kwa sababu hapo ndipo kosa sanifu huwa kubwa kuliko kwingine kote. Lakini hapo pia ndipo kengele inakaa vizuri kuliko kwingine kote. Kwa hiyo namba iliyo salama kwa upana haikuhakikishii umbo.

Ukichunguza jambo la asilimia 40, 385 inakupa matukio 154, huna wasiwasi. Ukichunguza jambo la asilimia 1, inakupa matukio karibu 4, na kengele haifai. Zaidi ya hapo, kosa la "asilimia 5" kwa jambo la asilimia 1 halina maana yoyote. Ni kama kupima unene wa karatasi kwa hatua za miguu. Kwa jambo adimu, panga kosa linaloruhusiwa liwe sehemu ya p yenyewe. Ukitaka jumlisha au toa asilimia 0.5 kwa p ya 0.01, hesabu inakuwa 3.8416 × 0.0099 ÷ 0.000025, yaani 1,522. Hapo unategemea matukio 15, na umbo limevuka kanuni ya 10. Kisha fanya hesabu zote mbili siku zote, ya upana na ya umbo, uchukue kubwa.

SWALI: Katika sampuli ya 50 sikupata tukio hata moja. Programu imenipa masafa ya 0 hadi 0. Kweli? – *Msomaji*

JIBU: Hiyo ni Wald tena: uwiano 0, kosa sanifu 0, masafa yamekunjamana. Kwa matukio sifuri gawanya 3 kwa n. Kwa 50 unapata 0.06: ukiwa na uhakika wa asilimia 95, uwiano halisi hauzidi asilimia 6. Kikomo kamili ni 5.8%. Ile 3 inatokana na logi asilia ya 0.05, ambayo ni −2.996.

SWALI: Haya marekebisho ya nusu, ya kuongeza au kutoa 0.5 kabla ya kupimia kengele, yana maana, au ni mapambo ya mtihani? – *Mwanafunzi*

JIBU: Yana maana kubwa sampuli ikiwa ndogo. Idadi ni baa zenye upana wa 1, kengele ni mstari laini. Ukitaka "6 au pungufu", baa ya 6 inaishia 6.5, kwa hiyo pimia hapo. Kwa n = 20 na p = 0.5, uwezekano kamili wa 6 au pungufu ni 0.0577. Ukipimia 6.5 unapata 0.0588, ukipimia 6 unapata 0.0368. Kosa linalojirudia ni kwenda upande usio wake: "6 au zaidi" hupimiwa 5.5. Ukifanya kazi kwa uwiano badala ya idadi, nusu hiyo igawanye kwa n. Marekebisho haya hayatibu upogo. Rudi kwenye mfano wa 100 na 0.1, ile 0.0668 ilikuwa tayari imerekebishwa.

SWALI: Tuna watu 600 waliochukuliwa kutoka makundi 30, watu 20 kila kundi. Jambo tunalolipima lipo kwa asilimia 4, hivyo matukio ni 24. Tumevuka 10 kwa mbali. Au tumekosea? – *Timu ya utafiti*

JIBU: Mmevuka, ila si kwa mbali kama mnavyodhani. Hesabu zote za hapo juu zinachukulia kwamba kila mtu ni jibu jipya, lisiloathiriwa na la mwenzake. Watu wa kundi moja hufanana. Mfanano huo hupimwa kwa namba iitwayo uhusiano wa ndani ya kundi. Tuseme ni 0.05. Kizidishi ni 1 + (20 − 1) × 0.05 = 1.95. Gawanya: 600 ÷ 1.95 ni karibu 308, na matukio 24 yanabeba uzito wa 12 hivi. Bado mko juu ya 10. Mfanano ungekuwa 0.10, kizidishi kingekuwa 2.9 na matukio yangebaki na uzito wa 8. Kumbukeni pia kwamba kwa sampuli za makundi, idadi ya makundi yenyewe ina neno lake: makundi 6 ya watu 100 ni dhaifu kuliko makundi 30 ya watu 20, ingawa jumla ni ileile.

Kuna sharti jingine linaloelekea upande wa pili. Mkichukua sampuli bila kurudisha kutoka kundi dogo, na sampuli ikazidi asilimia 10 ya kundi zima, kosa sanifu halisi ni dogo kuliko linalotolewa na kanuni. Lizidisheni kwa kipeuo cha pili cha (N − n) ÷ (N − 1), ambapo N ni ukubwa wa kundi zima. Kwa N ya 200 na n ya 80 kizidishi ni 0.78.

SWALI: Je, siwezi kuacha kanuni zote hizi nikajipimia mwenyewe kwenye lahajedwali? – *Mchambuzi wa data*

JIBU: Unaweza, na kwa kazi yenye uzito tunakushauri ufanye hivyo. Katika safu ya kwanza weka idadi 0, 1, 2 hadi n. Safu ya pili, uwezekano kamili wa kufikia idadi hiyo au pungufu: kwa mfano wetu, BINOM.DIST(5, 100, 0.1, TRUE) inatoa 0.0576. Safu ya tatu, kengele yenye nusu iliyoongezwa: NORM.DIST(5.5, 10, 3, TRUE) inatoa 0.0668. Ile 3 ni mkengeuko sanifu wa idadi, kipeuo cha np(1−p); ukiweka kwa bahati mbaya kosa sanifu la uwiano, 0.03, safu nzima itakuwa sifuri na moja. Safu ya nne ni tofauti.

Usitazame tofauti katikati, kwa sababu huko huwa ndogo ukiilinganisha na uwezekano wenyewe. Tazama kwenye mikia unayoitumia, na uigawanye tofauti kwa uwezekano kamili. Hapa 0.0092 gawanya kwa 0.0576 ni asilimia 16. Kisha rudia zoezi zima kwa p tatu au nne zinazowezekana, hasa iliyo ndogo kuliko unayoitarajia. Kama p ni ndogo na n ni kubwa, ongeza safu ya tano yenye mgawanyo wa Poisson, ule wa idadi ya matukio adimu, wenye wastani np. Mara nyingi huko chini ya matukio 10 utakuta unaifuata bainomia kwa karibu kuliko kengele. Na ukishakuwa na safu ya pili mbele yako, jiulize kama ya tatu unaihitaji tena.